Sakafu ya Mbao na Miguu Iikanyagayo



Wiki hii tumepokea barua ya dada yetu mmoja akaaye Mji wa Kale, Mombasa. Yeye na mumewe wamehamia ghorofa ya juu ya nyumba ya wazee, na humo mna ukumbi wenye sakafu ya msaji, mbao pana za zamani ambazo kwa miaka mingi zilifunikwa kwa zulia la plastiki. Zulia limeondolewa, mbao zimeonekana: zimechakaa, zina madoa meusi, lakini ni nzima. Sasa rai zimegawanyika nyumbani. Mume ataka vanishi ing'aayo kama ukumbi wa hoteli. Mavyaa asema zipakwe mafuta tu, kama ufanyiwavyo mlango. Fundi ameleta hesabu ya makopo na siku za kazi, basi, bila kueleza ni vanishi ya namna gani. Na yeye mwenyewe, mama wa watoto watatu ambao mmoja wao ana pumu, auliza: katika haya lipi lafaa, na lipi halitatudhuru?

Swali lake lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa sakafu ya mbao si jambo tulilolirithi kwa mapana. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, nao haukuzidi mita 3 ila kwa kidogo, na juu ya boriti sakafu ilikuwa ya mawe na chokaa iliyopondwa hata ikawa ngumu. Ubao ulikuwa wa mlango, wa kitanda, wa kiti cha enzi. Ni Mombasa, katika nyumba za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ndipo msaji ulioletwa na majahazi kutoka Bara Hindi ulipoonekana sana katika roshani na ngazi, na mahali pengine katika sakafu za juu. Baadaye vikaja vile vipande vifupi vya mvule na muhuhu vilivyogandishwa juu ya saruji, vikapangwa kama ukili wa mkeka. Muhuhu, kwa wasioujua, ni mti wa misitu yetu hii, hata Arabuko-Sokoke umo; ni mgumu mno kwa kukanyagwa, na mafuta yake yana harufu inayokaribia ya liwa. Mwenye sakafu ya muhuhu asikubali mtu amshauri kuiziba kwa vigae.

Kwa hiyo elimu tuliyonayo sana ni ya mlango. Mavyaa wa dada yetu hakukosea: mlango wa msaji au wa mbambakofi ukipakwa mafuta kila mwaka hudumu kwa vizazi. Lakini mlango haukanyagwi, hauburuzwi kiti, wala mtu hausimamii kwa miguu iliyolowa. Tuanze basi na hayo yanayoifikia sakafu ya pwani, ndipo tuzungumze makopo.

Adui wa kwanza ni mchanga. Chembe ya mchanga wa ufuoni ni ngumu kuliko vanishi yoyote iuzwayo dukani, na kila kiatu kiingiacho nacho ni kipande cha msasa. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni imeokoa sakafu nyingi bila kusifiwa. Ukiongeza na gunia au mkeka mgumu wa kupangusia miguu, umefanya zaidi ya mkono mmoja wa vanishi. Adui wa pili ni maji: watu watokao kutawadha mara kadhaa kwa siku, miguu ikitiririka, wote wakipita njia ile ile moja kuelekea miswala. Tazama madoa meusi ya ukumbi wa zamani, utayaona yamefuata njia hiyo. La tatu ni hewa yenyewe. Ubao huvuta unyevu na kuutoa. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 65, ubao hutulia ukiwa na maji yapatayo asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifika asilimia 80, kama ifikavyo kwetu wakati wa masika, maji hayo huwa yapata asilimia 16. Ubao huo hupanuka upande wa mapana, urefu ukabaki karibu vile vile. Ndiyo sababu nafasi baina ya mbao huziba Mei na kufunguka Februari, na ndiyo sababu fundi anayetaka kuzijaza nafasi hizo kwa lipu ngumu azuiwe: mbao zikipanuka zitaitema.

Hakuna mpako uzuiao mwendo huo. Kazi ya mpako ni kuuchelewesha, na kuzuia uchafu na maji ya juu yasiingie.

Sasa makopo. Nta na shelaki nitazipita upesi. Nta ya nyuki ina mng'aro wa upole upendezao macho, lakini hulegea kwa joto, huacha doa jeupe pale tone la maji lilipokaa, na huteleza hata ikiwa kavu. Nyumba yenye mzee haiihitaji. Shelaki hutokana na utomvu wa mdudu mdogo wa Bara Hindi na Thailand, ukayeyushwa kwa spiriti. Ni nzuri juu ya sanduku au meza ya vitabu, lakini sakafuni huwa nyeupe kwa maji, na chupa ya manukato yenye spiriti ikimwagika, huyeyuka pale pale.

Yabaki mafuta na vanishi, na hapa ndipo ugomvi wa nyumba ulipo.

Mafuta huingia ndani ya ubao yakagandia humo. Hayaachi ngozi juu, na kwa hiyo hakuna kinachobanduka. Pakikwaruzwa, wasugua mahali pale pale kwa msasa mwembamba, wapaka mafuta, wafuta, na kazi imekwisha kabla ya adhuhuri. Huo ni wema mkubwa, nami naupenda. Lakini yataka mtu wa kuyahudumia, walau mara moja kwa mwaka, na penye njia ya maji mara mbili. Tena si kila mafuta ni mafuta ya mbao. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Hunata, huvuta vumbi, kisha huvunda. Ya kukaangia ni hivyo hivyo. Yanayokauka ni kama ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, na hayo nayo yana mambo mawili kwetu: katika hewa yenye unyevu yakiwa ghafi hukawia siku nyingi kukauka, na kuvu huyapenda. Juu ya msaji na mvule hukawia zaidi, kwa sababu miti hiyo ina mafuta yake ya asili yanayozuia mpako usigande. Atakayechagua njia hii anunue yale mafuta ya sakafu yaliyochanganywa na nta ngumu, asichukue linsidi tupu ya kopo la fundi wa madirisha.

Na kuna jambo la mafuta haya ambalo mafundi wengi hawalisemi. Linsidi haikauki kwa kuondoka maji kama nguo kambani. Hukauka kwa kuungana na hewa, na katika kuungana huko hutoa joto. Ubaoni joto hilo hupotea. Lakini katika tambara lililolowa mafuta na kufinyangwa, likatupwa ndani ya ndoo pamoja na wenzake, joto halina pa kutokea, nalo huzidi na kuzidi hata tambara likawaka lenyewe, bila kiberiti wala cheche. Jumamosi ya tarehe 23 Februari 1991, jengo la ghorofa 38 mjini Philadelphia, Marekani, liitwalo One Meridian Plaza, liliwaka usiku kwa sababu hiyo hiyo: matambara ya linsidi yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakitengeneza mbao za ofisini. Wazimamoto 3 walifariki. Moto ulipanda ghorofa baada ya ghorofa, usisimame ila ulipofika ghorofa ya 30, yenye mitambo ya kunyunyiza maji darini.

Sasa fikiri tambara hilo liko chini ya ngazi ya mbao, katika kichochoro ambacho gari la zimamoto haliwezi kuingia. Kama nyumbani kwako patatumika mafuta yakaukayo, au vanishi yenye mafuta hayo, matambara yote yatandazwe nje, moja moja, juu ya jiwe au saruji, hadi yakauke na kuwa magumu. Ama yatiwe katika debe la bati lenye maji na kifuniko. Usimwachie fundi jambo hili. Simama uone limefanywa, hata akisema kwamba amefanya kazi miaka 20 na hajaona tambara kuwaka.

Vanishi ni njia nyingine kabisa. Yenyewe hubaki juu ya ubao kama ngozi ngumu, na zile za poliyurethani ndizo zinazostahimili maji na miguu kuliko nyingine. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya mafuta, ambayo huchanganywa na tina au tapentaini: hung'aa, hugeuka rangi ya asali kadiri miaka ipitavyo, mkono mmoja hungoja mwingine usiku kucha au zaidi, na harufu yake hukaa ndani ya nyumba siku nyingi. Ya pili ni ya maji, nyeupe kama maziwa ikiwa koponi na angavu ikikauka: haigeuzi sana rangi ya ubao, mkono wa pili waweza kufuata baada ya saa chache, na harufu yake ni ndogo mno kuliko ya mwenzake. Ni ghali zaidi kwa lita, na mafundi wengine huidharau kwa sababu ya wepesi wake mkononi. Dharau hiyo ilikuwa na haki zamani. Siku hizi ile itengenezwayo kwa ajili ya sakafu hushindana vyema na ya mafuta.

Kwa nyumba yenye mtoto wa pumu, tofauti hii ya harufu ndiyo hukumu. Mvuke wa tina huamsha kifua. Kuna pia vanishi za makopo mawili, zenye kigandishi kinachochanganywa wakati wa kazi, na hizo dada yetu azikatae mara moja: baadhi zina isosayaneti, ambazo ni katika vitu vijulikanavyo kusababisha pumu kwa wanaozitumia, na zile zinazogandishwa kwa asidi hutoa formaldehaidi, ambayo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliihesabu mwaka 2004 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Shirika hilo hilo lilikwisha kusema hayo mwaka 1995 juu ya vumbi la mbao. Basi si vanishi peke yake. Hata siku ya kupiga msasa watoto wasiwepo. Vumbi la mvule hasa huwasha ngozi na kubana pumzi. Na kama kuna rangi ya zamani juu ya mbao au pembezoni mwa ukuta, isipigwe msasa mkavu, kwani rangi za zamani nyingi zina risasi.

Kwa hiyo jawabu langu kwa dada yetu ni hili: vanishi ya poliyurethani ya maji, ya kopo moja, iliyoandikwa kuwa ni ya sakafu, na yenye mng'aro wa wastani, isiwe ile ya kung'aa kama kioo. Najua mumewe hatafurahi na sehemu hii ya mwisho. Amwambie kwa upole kwamba mng'aro mkali huonyesha kila mkwaruzo na kila alama ya unyayo, na kwamba ukumbi wa hoteli una watu wa kuufuta tangu alfajiri hadi usiku. Tena kioo chenye maji chini ya miguu ya mavyaa si jambo la mapambo. Nyonga ya mtu mzima ikivunjika hairudi kama ilivyokuwa.

Mavyaa naye asionekane ameshindwa. Mlango, mbao za madirisha na viti apakwe mafuta vile vile atakavyo. Na lau ingekuwa nyumba isiyo na mtoto mgonjwa, yenye watu wawili watulivu na mtu wa kuihudumia sakafu kila mwaka, ningemfuata yeye.

Kabla ya kununua kopo, ijulikane juu ya mbao hizo mlikuwa na nini, maana vanishi haishiki juu ya nta, itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Weka matone mawili ya maji pembeni, palipojificha. Ubao ukigeuka mweusi baada ya dakika chache, mpako wa kale umekwisha na ubao u wazi. Baada ya dakika 10 ukiona doa jeupe, hapo pana nta. Kisha gusa mahali pengine kwa pamba yenye spiriti. Pakinata, ni shelaki. Nta na shelaki zitolewe zote, hata zile zilizoingia baina ya mbao. Wenye vile vipande vifupi wapime unene kwanza, kwa sababu vingi ni vya milimita 8 tu, na kila kupigwa mashine ya msasa hupunguza, hata vikabaki vyembamba visivyofaa. Mbao pana za msaji zina nafasi zaidi, lakini nazo si za kuchezewa.

Kazi yenyewe ifanywe wakati wa kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu kuliko miezi mingine. Msasa uanze na mkavu, namba 40, kisha 80, kisha 120, kwa kufuata mkondo wa ubao. Baada ya vumbi kutolewa, msaji ufutwe kwa kitambaa chenye kiyeyushi kuondoa mafuta yake ya juu, madirisha yakiwa wazi na watoto wakiwa kwa bibi yao, na mpako uanze siku hiyo hiyo. Mkono wa kwanza uwe wa dawa ya kuandalia ubao inayotolewa na mtengenezaji wa vanishi hiyo. Mafundi hupenda kuuruka, nao una faida mbili: huzuia mafuta ya msaji yasiikatae vanishi, na hupunguza ile hali ya vanishi ya maji kugandisha mbao pamoja ubavuni, hata zikisinyaa zote zikavutana na kufungua ufa mmoja mkubwa mahali pamoja. Juu yake mikono mitatu ya vanishi, baina yake msasa wa namba 220 upite kwa wepesi tu. Lita moja hupaka yapata mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, basi ukumbi wa mita 12 za mraba kwa mikono mitatu wataka chini kidogo ya lita 4. Fundi akija na hesabu ya makopo matatu ya lita 4 kwa ukumbi huo, muulize mengine ni ya nyumba ya nani.

Hapa nina neno kwa wote, si kwa dada yetu peke yake. Kwetu nyumba hupambwa kumi la mwisho la Ramadhani, na zulia jipya hutandikwa usiku wa kuamkia Idd. Vanishi ya maji hukanyagika kwa soksi siku ya pili, lakini haijawa ngumu ndani ila baada ya wiki mbili au tatu. Ya mafuta huhitaji karibu mwezi. Zulia likitandikwa mapema, hasa lenye mpira chini, hushika na kuacha ramani yake sakafuni. Anayetaka sakafu ya Idd aimalize Shaaban. Mtoto wa pumu naye asirudishwe siku ya pili kwa kuwa sakafu imekauka. Akae kwa bibi yake wiki nzima ikiwezekana, madirisha yakiwa wazi mchana kutwa.

Baada ya hapo, kitambaa kilichokamuliwa vizuri chatosha kwa kufuta, bila ndoo ya maji kumwagwa. Njia ya kutoka kutawadha itandikwe mkeka unaonyanyuliwa na kuanikwa. Na kila baada ya miaka michache, pale mng'aro unapoanza kufifia lakini ubao haujaonekana, sakafu isuguliwe kidogo na kupewa mkono mmoja mpya. Ikisubiriwa hata ubao ukawa wazi, hakuna budi kurudi kwenye mashine.

Chetezo nacho kiwekwe juu ya sinia la shaba au kipande cha kigae, hata kama ni kwa dakika za kufukiza kanzu. Kaa moja la moto likianguka huacha duara jeusi ambalo halifichwi na mafuta wala vanishi; litakwanguliwa, na mahali hapo pabaki na shimo dogo.

Barua ya ndugu yetu wa Malindi kuhusu mlango ulioliwa na mchwa tutaijibu wiki ijayo, inshallah.